Pasipoti Nane

"Nukta, unanipata?"

"Nakupata, Mkuu," alinong'ona kwenye kinasa sauti kilichofichwa ukosini.

"Lango linafungwa baada ya dakika tisa. Huna ushahidi. Waache wapite."

Nukta, kachero ndani ya sare ya msafishaji, aliendelea kupiga deki ukumbi wa uwanja wa ndege. Ndani ya ndoo yake ya pili, kavu, chini ya matambara, bastola yake ya Glock 19 ilikuwa imelala bila kazi. Angempiga nani risasi? Wasichana wanane wenye viza halali, kila mmoja akiapa kwamba anasafiri peke yake kwenda kufanya kazi hotelini? Nyuma yao, na sanduku lake la Samsonite, alisimama wakala wao, mwanamke waliyemwita Shangazi. Alikwisha kumwambia ofisa wa uhamiaji kwamba yeye hawajui wasichana hao hata kidogo.

Kazi ya hotelini, wapi! Miaka miwili iliyopita mdogo wake Nukta alipita lango hili hili kwa ahadi hiyo hiyo. Hakupiga simu tena.

Dakika saba.

Nukta akaisukuma ndoo ya maji kwa goti. Maji yakamwagika, msichana wa mbele akateleza, wenzake wakamwangukia. Pasipoti zikatawanyika sakafuni.

"Jamani nisameheni, wadogo zangu!"

Alipiga magoti, akaziokota, akazigawa ovyo. Wasichana walizipokea bila kuzifungua. Walishafundishwa kutofungua kitu, hata mdomo.

Ofisa alitazama ya kwanza. "Huyu si wewe."

Ya pili. "Wala huyu. Zimechanganyika hizi. Kaeni pembeni kwanza."

Dakika tatu.

Shangazi alitazama saa, uvumilivu ukamshinda.

"Lete hapa, ndege itatuacha!" Akazinyakua zote nane. "Hii ya huyu. Hii ya yule mrefu. Wewe, shika yako!"

Hakukosea hata moja.

Ofisa alimkazia macho. "Mama, si ulisema huwajui?"

Shangazi alivuta sanduku lake, akageuka kuondoka.

"Mkuu, umeona?"

"Nimeona kwenye kamera. Askari wanaingia."

Pingu zilipofungwa, msichana wa mbele aliangua kilio. "Dada, alisema tukitamka neno atawafuata wazazi wetu."

"Hamfuati mtu tena huyu."

Kisha Nukta akamsogelea Shangazi, akatoa mfukoni picha ya mdogo wake.

"Sura nane umezitambua kwa dakika moja. Na huyu je?"

Shangazi aliitazama picha, akainua mabega. "Wamepita wengi. Simkumbuki."

Mkono wa Nukta ulizama ndani ya ndoo ya matambara, ukagusa chuma. Ukakaa hapo.

Ukatoka na tambara.

Alikausha sakafu pale wasichana watakapopita kurudi makwao, akabeba ndoo zake, akaondoka.