Pembe ya Ngwali na Damu ya Mwanawema

Enyi watu wa Wingwi, nitegeeni masikio. Nitakayoyasema niliyaona kwa macho yangu, mwaka wa mavuno makubwa ya karafuu, kabla ya vita hivi vya dunia vilivyokwisha juzi.

Nyumba ya Ngwali, jirani yangu, ilikuwa nyumba ya utulivu. Asubuhi mkewe, Bimkubwa, huanika karafuu jamvini, na binti yao Mwanawema, wa miaka kumi na minne, huchambua vikonyo akiimba. Ngwali mwenyewe alikuwa bingwa wa kuumika: huchanja ngozi kwa wembe, akabandika pembe ya ng'ombe na kuifyonza damu. Watu walimjia hata kutoka kisiwa cha Fundo.

Siku moja wimbo ulikatika. Mwanawema alikuwa akihema kama aliyekimbia, ilhali hakuwa ameinuka tangu asubuhi. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, uso umevimba, na mdomoni alikuwa akitafuna udongo wa ukutani.

"Damu imechafuka," akasema Ngwali. "Nitaitoa."

Akamuumika Jumatatu. Akamuumika tena Alhamisi. Mara hii damu ilitoka nyepesi, rangi ya maji yaliyooshewa nyama. Mshipa wa shingo ya mtoto yule ulikuwa ukirukaruka hata nikaogopa kuutazama.

"Bwana Ngwali, mtoto achoka," nikamwambia.

"Mzee Msellem, kapalilie muhogo wako. Mie kazi yangu naijua."

Jumatatu ya pili akaishika pembe tena. Mwanawema hakuweza hata kulia. Midomo yake ilikuwa rangi ya jivu. Ndipo Bimkubwa akaketi mbele ya bintiye, akanyoosha mkono wake.

"Wataka damu, baba Mwanawema? Niumike mie. Yake imekwisha."

"Ondoka hapo!"

"Siondoki. Nichanje!"

Ngwali akautazama mkono ule wa mkewe. Akaiweka pembe chini.

Tulimbeba Mwanawema kwa kitanda hadi zahanati ya Wete, wanaume wanne, Ngwali mmoja wetu, tukisimama kila mara kusikiliza kama bado apumua. Msaidizi wa daktari, Bwana Himid, akamtoboa kidole, akalitazama tone la damu kwa hadubini, kisha akatugeukia.

"Damu ni maji yenye chembe ndani yake," akasema. "Nyekundu huchukua hewa kutoka mapafuni, nyeupe hupigana na maradhi, na nyingine ndogo kabisa huziba jeraha. Moyo huisukuma damu hiyo mwilini kote, ikarudi, ikasukumwa tena. Huyu chembe nyekundu zamwishia, ndiyo maana moyo wake wenda mbio. Ana safura. Minyoo iliyopenya nyayo zake imo tumboni, yamnyonya damu."

"Na mie?" akauliza Ngwali kwa sauti ndogo.

"Na wewe, mzee, ulikuwa ukiisaidia."

Mwanawema alilazwa siku arubaini, kwa dawa ya minyoo na dawa ya chuma ya kuongeza damu. Siku kumi za mwanzo hakuna aliyethubutu kusema kuwa ataishi. Aliishi, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu. Ngwali hakumuumika mtu tena.

MAFUNZO

Maisha ya mtoto si mahali pa kulindia sifa yako. Mtu akipauka, akihema bila kazi na kutamani udongo, mpelekeni kwa daktari siku ile ile, wala msimpunguzie damu aliyobaki nayo. Chimbeni vyoo, minyoo isienee ardhini. Vaeni makubadhi miguuni mwendapo shambani. Na mama wa mtoto akisema "basi", asikilizwe.

Nasema kwa ukali kwa sababu nilishika tendegu moja la kitanda kile, na hata leo naogopa nikumbukapo wepesi wa mtoto yule.