Bosi Hakuwa Mkali, Alikuwa Anaumwa

Kila asubuhi Katarina alipopika uji, Bosi alimsubiri mlangoni mwa jiko. Alikuwa mbwa mkubwa wa kahawia, sikio moja limechanika. Shamba la mahindi la Katarina na mumewe huko Oldeani lilipakana na msitu. Nguruwe pori walipotoka kula mahindi, Bosi ndiye aliyewafukuza. Bila yeye wangevuna mabua matupu.

Lakini msimu ule Bosi alibadilika. Alinusa makande yake, akageuka. Mate yalimdondoka. Mdomo ulinuka hata Katarina akaziba pua.

"Ni uchafu tu," alijiambia. Akakumbuka magadi. Kama magadi hulainisha maharage magumu, yatashindwaje na uchafu wa meno? Akachovya kitambaa kwenye maji ya magadi, akamsugua Bosi mdomoni. Maskini mbwa! Alilia, akakimbilia nyuma ya zizi.

Jioni Angelina, binti yao mdogo, alimshika Bosi shavu. Bosi akanguruma na kumtolea meno. Hakumng'ata, lakini mtoto aliangua kilio.

Emilian, baba yake, akachukua kamba ya ndama.

"Mbwa wa kumtishia mwanangu hakai hapa. Kesho namwondoa."

"Baba Angelina, utampeleka wapi?"

Emilian akaanza kupiga kitanzi kwenye kamba. Katarina alikielewa kitanzi kile, na moyo ulimuuma. Ni yeye aliyemlea mbwa huyu kwa maziwa.

"Kesho kuna chanjo ya kichaa cha mbwa pale ofisi ya kijiji," alisema. "Daktari amtazame kwanza. Akisema ni mkali, sitakuzuia."

"Haya. Lakini ataenda na kamba hii shingoni."

Kesho yake walimkuta Penina, daktari wa mifugo, katikati ya kelele za mbwa. Katarina alimweleza yote. Hata la magadi hakulificha, ingawa aliona aibu.

"Kwanza, angemng'ata mtoto, mngeosha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha mngekimbilia zahanati," alisema Penina. "Hata kama mbwa amechanjwa. Sasa mshikeni kichwa."

Akainua mdomo wa Bosi taratibu. Meno ya nyuma yalikuwa yamefunikwa na ugaga, uchafu wa kahawia ulioganda. Fizi zilikuwa nyekundu na zimevimba. Jino moja lilikuwa limepasuka.

"Huwa anatafuna nini?"

"Mifupa ya ng'ombe," alijibu Emilian kwa fahari. "Namletea mwenyewe kutoka buchani."

"Mfupa mgumu hupasua jino, baba. Na uliopikwa huvunjika vipande vikali. Mbwa wenu si mkali. Anaumwa. Wewe ukiumwa jino, mtu akakushika shavu, utamchekea?"

Emilian akajishika shavu. Siku alipoumwa jino alimfokea hata katekista.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," alinong'ona Katarina.

"Magadi nayo huunguza fizi," Penina aliendelea. "Na dawa ya meno ya binadamu msimpe. Mbwa hatemi, anameza, na inaweza kumdhuru. Mleteni kliniki Karatu. Nitamlaza usingizi, niondoe ugaga na jino bovu. Akipona, fungeni kitambaa laini kidoleni, mchovye kwenye maji safi, msugue taratibu pale jino linapokutana na ufizi. Kila siku ikiwezekana. Akikataa, acheni, mjaribu kesho. Usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta," Emilian akamalizia kwa sauti ndogo.

Walimpeleka Karatu. Fizi zilipopona, aliyefunga kitambaa kidoleni alikuwa Emilian mwenyewe. Mwanzo alimgusa Bosi mdomo tu, kisha jino moja, kisha mengine.

Jirani yao Silvanus alipita akacheka. "Emilian! Siku hizi unampigisha mbwa mswaki? Na ng'ombe je?"

"Cheka tu. Nenda kamfunue wako mdomo, halafu urudi unisimulie."

Silvanus alirudi kesho yake. Hakucheka. Alikuja kuuliza kliniki iko wapi.

Asubuhi moja nguruwe waliingia shambani. Bosi aliwabwekea mpaka wakatokomea msituni. Aliporudi akihema, Angelina alimkimbilia na kumshika shavu, palepale pa siku ile.

Katarina aliinua mkono kumzuia.

Bosi alifumba macho, akalaza kichwa kwenye kiganja cha mtoto.

"Polepole, mwanangu," alisema Emilian. "Hapo palimuuma sana."

Kamba ilikuwa bado inaning'inia mlangoni. Emilian akaitwaa, akaenda kumfungia ndama.