Kibuyu Kilichonuka Sabuni

Chepngetich aliusukuma ufagio wa kibuyu hadi chini, akauzungusha mara kumi, akautoa. Ulikuwa kijiti kirefu, ncha yake imepondwa ikawa na nyuzi kama mswaki. Akautia tena. Maji meusi ya mkaa wa zamani yalimwagika kwenye nyasi, yakateremka kuelekea kwenye michai. Hiyo ilikuwa sehemu rahisi ya kazi. Sehemu iliyobaki ndiyo ambayo hakuitaka.

Bibi yake, ambaye wote pale nyumbani walimwita Kogo, alikuwa amemwachia maagizo asubuhi ya Jumanne hiyo, siku ambayo hapakuwa na shule, kabla ya kwenda kuchuma chai.

"Kile kidogo nimekiosha mwenyewe. Hiki kikubwa ni cha wageni wa Jumamosi," alisema. "Ukimaliza kukisugua, kianike kikauke. Halafu uchome kijiti cha mti wa senetwet, ukisugue nacho ndani mpaka pote pawe peusi. Jioni tutatia maziwa. Kufikia Jumamosi yatakuwa yameganda, mursik nzuri."

"Ndiyo, Kogo."

Wageni wenyewe walikuwa majirani. Njuguna na mkewe, Tabby, walikuwa wameishi miaka mingi kwenye shamba lililopakana na lao, upande wa juu wa Chepseon. Binti yao Nyathira na Chepngetich walianza shule siku moja. Kisha wakaja wachochezi, zikazuka vurugu za kikabila. Watu waliokuwa wakikopeshana chumvi wakaanza kuitana kwa majina ya makabila yao. Nyumba ya Njuguna ilichomwa, na familia ikakimbia na nguo walizovaa.

Sasa ilikuwa mwaka wa 1994, na walikuwa wamerudi. Walilala katika chumba kimoja cha kanisa pale sokoni, na mchana walikuja kujenga upya. Mzee Kipkosgei, mzee wa kijiji, alikuwa amewaomba majirani wote waje Jumamosi, wanywe maziwa pamoja na familia hiyo, kisha wasaidie kupiga mabati. Njuguna alikuwa amesema wazi kwamba siku hiyo ikienda vibaya, angeuza shamba na asingerudi Kericho tena.

Chepngetich aliyajua hayo yote. Lakini tangu siku ile aliposimama katikati ya michai akautazama moshi ukipanda kutoka nyumba ya akina Nyathira, mambo yalimfikia kama yanatoka mbali. Alikula, alienda shule, alijibu alipoulizwa. Nyathira aliporudi darasani na kusimama kando ya dawati lao la zamani, Chepngetich alisogea kumpa nafasi, akaendelea kunakili hesabu. Hakufurahi wala hakuhuzunika.

Kitu kimoja tu ndicho kilichoweza kumgusa: harufu ya moshi wa kuni mbichi. Ndiyo maana kila Kogo alipochoma kijiti cha senetwet, Chepngetich alikumbuka ghafla kwamba ndama hajanyweshwa maji.

Alikuwa bado amekaa na kibuyu mapajani Nyathira alipopita kwenye njia ya mtoni, mtungi wa maji mgongoni.

"Chepngetich, nikusaidie?" Siku hizo Nyathira alitaka kumsaidia kila mtu. Alifagia darasa hata siku isiyokuwa zamu yake.

Chepngetich alimtazama, akakitazama kibuyu. "Haya, chukua. Kioshe, uniletee."

"Nakiosha vipi?"

Chepngetich aliinua mabega. "Kama mnavyoosha kwenu."

Nyathira alikichukua kwa mikono miwili. Saa kumi alikirudisha kikiwa kikavu, kinang'aa, na uso wake umechangamka. Jioni, Kogo akiwa bado kwenye kituo cha kuuza majani chai, Chepngetich alikiinamia ili amimine maziwa yaliyochemshwa na kupozwa. Akachungulia ndani. Palikuwa peupe. Akanusa. Sabuni.

Alijua kabisa kwamba mursik haiwezi kukaa ndani ya sabuni. Alijua pia kwamba angeweza kukiweka kando na kumwambia Kogo. Lakini kusema kulihitaji nguvu ambazo hakuziona mwilini mwake. Akamimina maziwa, akafunga kifuniko, akakitundika kibuyu ukutani.

Jumamosi walikuja watu kama ishirini kwenye shamba la Njuguna. Wanaume waliketi juu ya mbao za ujenzi, wanawake kwenye nyasi. Wachache walisalimiana. Wengi walitazama viatu vyao. Nyumba mpya ilikuwa imesimama kuta tu, mabati yamepangwa chini.

Kogo alikitikisa kibuyu, akamimina kikombe cha kwanza akanywa yeye mwenyewe, kwa kuwa mwenye maziwa huonja kabla ya mgeni. Alimeza. Uso wake haukubadilika, ila macho yake yalimtafuta Chepngetich kati ya watoto.

"Tungoje kidogo," alisema.

Lakini Kipngeno, jirani wa upande wa chini, alikuwa ameshanyoosha mkono na kujimiminia. Alitazama ndani ya kikombe. Maziwa yalikuwa meupe kabisa, na mapovu madogo yalizunguka ukingoni. Alipiga funda moja, akatema nyasini.

"Hii ni nini? Nani aliosha hiki kibuyu?"

Mathew, mwanawe, akasema, "Baba, mimi nilimwona Nyathira nacho kule mtoni siku ya Jumanne. Alikuwa anatia vitu ndani."

"Vitu gani?"

"Sijui. Vitu tu."

Manung'uniko yakaanza. "Mnaona?" Kipngeno alisema. "Hata mabati hayajapanda, tumeshaanza kulishwa vitu!"

"Kipngeno, chunga mdomo," Mzee Kipkosgei alimwambia.

"Nichunge mdomo, na nimeshakunywa?"

Tabby alimvuta Nyathira karibu naye. "Niliosha vizuri," msichana alisema kwa sauti ndogo. "Nilitia kokoto za mtoni na maji na sabuni. Nilitikisa mpaka maji yakatoka safi."

Hakusema nani alimpa kibuyu. Alimtazama Chepngetich mara moja tu, akaangalia chini.

Njuguna aliinuka, akavaa kofia yake polepole. "Mama Nyathira, kusanya vyombo," alisema. "Kesho tutapakia."

Chepngetich aliona mkono wa Tabby ukiokota sufuria. Aliona nyundo ikirudishwa kwenye gunia. Aliwaza kwamba wakiondoka safari hii hakutakuwa na moshi wowote, kutakuwa na gunia la vyombo tu, na kwamba safari hii atakayekuwa amewafukuza ni yeye. Akasogea mbele.

"Ni mimi," alisema. Hawakumsikia. Akarudia kwa sauti. "Kogo, ni mimi. Kazi ulinipa mimi. Nilimpa Nyathira, akaniuliza ataoshaje, nikamwambia aoshe kama wanavyoosha kwao. Sikumwambia habari za mkaa. Na jioni nilinusa sabuni, nikamimina maziwa hivyo hivyo."

"Kwa nini?" Kogo aliuliza.

"Sikutaka kuchoma senetwet. Ule moshi..." Alitazama kuta mpya, akashindwa kumaliza. Hapakuwa na haja. Kila mtu pale aliukumbuka ule moshi, na wengine waliukumbuka kutoka karibu zaidi kuliko yeye.

Mzee Kipkosgei alikohoa. "Mama Nyathira, ni kweli kwenu vibuyu huoshwa kwa kokoto?"

"Ndiyo, mzee," Tabby alijibu, sufuria bado mkononi. "Tangu mama yangu. Kibuyu cha uji kikibaki na harufu, watu watasema mwenye nyumba ni mchafu."

"Uji ndani ya kibuyu!" Kogo alishangaa, na mwanamke mmoja akacheka kabla ya kujizuia. "Basi mtoto wako alinifanyia usafi wa heshima kabisa. Sisi tusipotia mkaa, ndipo tunaambiwa ni wachafu."

Kipngeno alikitazama kikombe chake. Hakuomba msamaha. Alikimwaga, akakisuuza kwa maji, akakinyoosha tena kwa Kogo. "Huna kingine ulichoosha mwenyewe?"

Kibuyu kidogo kililetwa. Mursik yake ilikuwa ya rangi ya majivu, inavyopaswa kuwa, na ilitosha kila mtu mafunda mawili. Njuguna alipokea kikombe akiwa amesimama. Alikunywa. Kisha akavua kofia, akaitundika kwenye msumari wa ukuta wake.

Kazi ilianza saa saba. Kufikia saa tisa, mvua ya Kericho ilikuja kama ilivyozoea, na mawe yake ya barafu, watu wakakimbilia jikoni kwa Kogo. Nusu ya paa ilikuwa imepigwa mabati. Nusu ilibaki miti mitupu.

Wakubwa walipoondoka mmoja mmoja kati ya matone, Kogo aliwaketisha wasichana wawili kando ya jiko, kibuyu kikubwa katikati yao.

"Chepngetich, ulifanya makosa mawili," alisema. "La kwanza ni kuikwepa kazi, na hilo ni dogo. La pili ni kunyamaza ulipojua. Kunyamaza kwako kidogo tu kungewahamisha watu."

"Nisamehe, Kogo. Nyathira, nisamehe."

Nyathira alitikisa kichwa kukubali.

"Na mimi nina langu," Kogo aliendelea. "Nimeishi na Mama Nyathira miaka kumi na miwili. Nimekula githeri yake, amekunywa maziwa yangu, na leo ndiyo mara ya kwanza kujua anavyoosha kibuyu. Nilidhani ujirani ni kusalimiana tu. Kumbe kila nyumba ina namna yake, na namna ya mwenzako si uchafu wala uchawi. Usipoijua, uliza. Ukiulizwa yako, eleza vizuri, usiinue mabega. Tungekuwa tunaulizana mapema, huenda wale waliokuja kutuchochea wangekosa la kutuambia."

Alimimina maji ndani ya kibuyu mpaka shingoni.

"Sabuni haitoki upesi. Kilale na maji usiku huu. Kesho tukitoka kanisani tutakianika, halafu tutakitia mkaa."

"Nitachoma mimi," Chepngetich alisema.

"Na mimi nitashika kibuyu," Nyathira akasema. "Halafu mtakuja kwetu, niwaonyeshe kokoto."

Kijiti cha senetwet kilibaki kando ya jiko, hakijachomwa. Nje, maji ya mvua yalidondoka ndani ya nyumba ya Njuguna, upande ule ambao mabati yalikuwa hayajafika.