Orrin Agawa Kibanda Chake

Kila alfajiri Orrin aliamka kwenda kukamua. Ng'ombe walikwisha kuuzwa tangu kiangazi, lakini mazoea yana taabu. Alivaa mabuti, akaenda kukaa kwenye zizi tupu.

Mwezi wa Novemba akachangamka ghafla. Akawa anapiga mluzi jikoni. Akampa jirani yao Clayton kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu. Bure! Na ziwa lilikuwa karibu kuganda, msimu wenyewe wa kuvulia. Wanaume wa Wisconsin, huko Marekani, hugombana na wake zao kwa ajili ya vibanda hivyo. Hawavigawi.

"Kuna mwanamke," mkewe Verna alijiambia. Dalili ya mvua ni mawingu. Akanusa mashati. Akapekua mifuko ya koti. Hakuona kitu, na hasira ikazidi.

Phyllis, mke wa Clayton, alikuwa muuguzi mstaafu. Akaja kuuliza.

"Shoga, mumeo ana nini?"

"Ana kimada!"

"Kimada wapi! Halali usiku, hali chakula, na sasa anagawa vitu anavyovipenda. Amemwambia Clayton, 'Mtamwangalia Verna.' Aliyeelemewa akitulia ghafla, usifurahi upesi. Huenda anafikiria kujiua."

Verna akauliza, "Nikimuuliza, si nitamtia wazo hilo kichwani?"

"La. Kuuliza kunampa nafasi ya kusema. Muulize waziwazi, bila kumkaripia. Msikilize. Usimwache peke yake."

Verna alimkuta Orrin zizini. Aliogopa sana, lakini akauliza.

"Mume wangu, unafikiria kujiua?"

Mabega ya Orrin yakaanza kutikisika.

"Ndiyo. Babu alifuga hapa, baba akafuga. Mimi nimeshindwa. Nilidhani nikiondoka utapumua."

"Nipumue? Mjinga wewe! Mimi nilidhani una mwanamke!"

Orrin akacheka huku analia. "Nani atamtaka mzee anayenuka mavi ya ng'ombe?"

"Mimi," Verna alisema, akamshika mkono.

Siku ileile walipiga simu ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, wakaenda kwa daktari. Clayton alichukua bunduki za Orrin za kuwindia, akazifungia mbali. Orrin akaanza dawa, na kuzungumza na mshauri. Akakutana pia na wafugaji wengine waliouza ng'ombe. Kumbe hakuwa peke yake.

Si kwamba yote yamekwisha. Siku mbaya bado zipo, ila Orrin hazifichi tena.

"Verna, leo imenielemea," husema.

Verna huzima jiko, akaketi. Chakula kitasubiri.