Mpendwa Mteja

Spika ya kliniki ilikuwa ikikoroma tangu asubuhi, na benchi zima lilikuwa limechoka. Kila namba ilipoitwa ulisikika mkwaruzo tu, watu watatu wakasimama kwa mpigo, kisha wakaketi tena wakinuniana. Ilikuwa wiki ya kwanza tangu kadi za wagonjwa wa kifua kikuu zihamishiwe kwenye kompyuta. Karani wa dirishani, dada mwembamba mwenye kilemba cha njano na barakoa iliyopanda hadi chini ya macho, alikuwa na jibu moja kwa kila mlalamikaji: "Subiri kidogo, mtandao unazunguka." Kabla ya adhuhuri benchi lilikuwa limeshambatiza jina la Bi Subiri.

Fundi redio alishindwa kuvumilia. Masikio yake yalikuwa ndiyo mtaji wake. Redio mbovu aliitikisa tu kando ya sikio, akajua kilichokatika. Alikuja kuchukua majibu ya makohozi, lakini akapanda juu ya benchi, akatoa bisibisi mfukoni na kuifungua ile spika bila kuomba ruhusa.

"Wewe! Nani kakutuma kugusa mali ya watu?"

"Masikio yangu, dada. Yanauma kuliko kifua."

"Na ukianguka?"

"Si utanidaka."

"Nikudake mimi? Nina kazi, baba. Hebu shuka."

Alipobana waya wa mwisho, sauti ikatoka safi, laini, na kicheko kimejificha chini yake: "Shuka, Fundi, kabla sijamwita mlinzi." Benchi likaangua kicheko. Fundi akashuka, lakini sauti ile ilikuwa imeshaingia sikioni na haikutaka kutoka.

Majibu yakawa ni TB. Miezi sita ya vidonge, kila siku, bila kuruka. Asubuhi iliyofuata simu yake ikalia: "Mpendwa, umeshameza dawa? Tunakujali." Akajibu hapohapo: "Nimemeza, mpenzi. Wewe umekunywa chai?"

Haukupita muda, ile sauti ya spikani ikampigia.

"Nani mpenzi wako?"

"Si wewe uliyeanza kuniita mpendwa?"

"Ile ni kompyuta, bwana."

"Basi nielekeze kwao nikaipose."

Bi Subiri akacheka, na kicheko hicho kikawa mwanzo wa balaa. Wakawa wanapigiana kila jioni, yeye akikunja nguo, Fundi akichomelea nyaya. Kuonana nje ya kliniki alikataa kabisa. Karani akikutwa na mgonjwa wake, kazi hana. "Siku kompyuta ikiandika Amepona, nitavua barakoa mbele yako," alimwambia. "Uso wangu uusubiri."

"Na nikikuta huna meno?"

"Utanioa hivyohivyo."

Fundi akawa anameza vidonge kama mtu anayelipwa. Akanenepa. Akanunua shati jeupe la siku hiyo na kulitundika dukani juu ya maspika, na kila mteja aliyeliulizia bei alifukuzwa.

Mwezi wa tatu, akiwa benchini anasubiri dawa, mzee mmoja wa kofia ya sufu akamnyooshea simu. "Mwanangu, nisomee. Miwani nimeiacha nyumbani."

Fundi akasoma kwa sauti: "Mpendwa mteja, umeshameza dawa? Tunakujali."

Mama aliyekuwa pembeni akadakia, "Hata mimi ninao huohuo." Na yule wa nyuma yake. Na yule wa nyuma ya yule.

"Kwani wewe ulidhani unaandikiwa peke yako?" mzee akauliza. Akamtazama usoni, akaelewa, na hakuwa na huruma. "Jamani! Bwana harusi kumbe tuko wengi!"

Walicheka mpaka wakakohoa. Fundi alitazama dirishani. Bi Subiri alikuwa ameinamia kompyuta, hana habari. Akaondoka bila dawa. Mtu aliyesikia kila kilichovunjika ndani ya redio alilisoma neno la pili kwa mdomo wake mwenyewe na hakulisikia.

Jioni simu ikaita. Akaikata. Ikaita tena, akaifungia namba. Ujumbe wa asubuhi ukaendelea kuja, akawa anaufuta bila kuufungua. Baada ya siku kadhaa mhudumu wa afya wa mtaa akaja kumtafuta dukani. Fundi akajikunyata nyuma ya maspika yake na kumnong'oneza dada wa saluni jirani, "Mwambie nimehama."

"Kahama wapi?"

"Popote. Kahama tu."

Dada wa saluni akasema hivyo, mhudumu akaripoti hivyo, na kliniki ikajaza hivyo: Amehama. Kompyuta haimtafuti aliyehama. Ujumbe ukakoma, na Fundi, ambaye alikuwa akiufuta kila siku, akaumia ulipokoma. "Nilijua," alimwambia dada wa saluni. "Hata kunililia hakuweza."

Kikohozi kilirudi na damu. Mpaka anafikishwa hospitali kuu, suruali ilikuwa inafungwa kwa kamba. Daktari alimweleza bila kuzunguka: dawa alizozikatiza zimeuzoesha ugonjwa, sasa ni TB sugu. Kuna sindano za kila siku kwa miezi mingi, na huenda zikala masikio.

"Mimi ni fundi redio, daktari."

"Fundi aliyekufa hatengenezi redio."

Akachomwa. Kwanza ulikuja mlio mwembamba usiozimika. Kisha sauti za ndege dirishani zikapotea, kisha vikombe, kisha watu. Aliigonga meza kwa nguvu kuona kama sauti yake bado imo. Haikuwamo.

Bi Subiri alimpata huko. Hospitali ilipomsajili, kompyuta ilirudisha habari zake kliniki, naye akapanda gari kesho yake. Alisimama mlangoni na kilemba chake cha njano, barakoa imebana, macho yamejaa. Fundi aliona kitambaa kikitikisika mdomoni mwake. Alikuwa anazungumza, na hakukuwa na midomo ya kutazama.

"Sisikii!" Fundi akapiga kelele, wagonjwa wakageuka. "Sikusikii, mpenzi!"

Bi Subiri akatoa simu, akaandika, akamwonyesha. "Kwa nini ulihama?"

"Ulituandikia wote! Mpendwa, mpendwa, benchi zima!"

Bi Subiri akaandika kwa muda mrefu. "Wote waliandikiwa Mpendwa mteja. Wewe nilikufutia neno mteja. Nililifuta mwenyewe, siku ile uliyotengeneza spika."

Fundi akasoma. Akasoma tena. Akajipiga paji la uso kwa kiganja.

"Nilipiga simu kila kliniki ambayo ungeweza kuhamia," akaandika tena.

"Nisamehe. Nikipona nitakuoa. Nina shati!"

Bi Subiri aliinama, mabega yakitikisika, na Fundi hakuweza kujua kama analia au anacheka. Maandishi yalipokuja yalikuwa mafupi. "Kaka wa maabara ameniposa. Nimekubali."

"Unampenda?"

"Yeye najua alipo."

Fundi alipona. Walimrudisha kliniki ya mtaani kwa ukaguzi wa mwisho, akaenda na shati jeupe, likimpwaya mabegani. Spika aliyoitengeneza ilikuwa bado ukutani. Watu wakasimama na kuketi kwa zamu, naye akabaki kukodolea dirisha, maana hakuwa na njia nyingine ya kujua zamu yake. Mwishowe mzee mmoja akamgusa begani, akamwonyesha kidole.

Bi Subiri aliandika kwenye kompyuta, akamgeuzia kioo asome: Amepona. Kisha, kwa mkono wenye pete mpya, akavua barakoa.

Alikuwa na kidoti kidevuni na mwanya, na alikuwa mzuri kuliko sura zote Fundi alizowahi kumwazia. Midomo ikafunguka, ikasema kitu kifupi, taratibu, ikafunga.

"Rudia," Fundi akasema. "Tafadhali. Umesema nini?"

Bi Subiri akatikisa kichwa. Akairudisha barakoa, akabonyeza kitu na kumwita mwingine.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa shati jeupe. Fundi akaitoa. Safari hii alisoma neno kwa neno, asiliruke hata moja.

"Mpendwa mteja, hongera. Umemaliza matibabu."