Kipa Aliyechezeshwa Mbele

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Kasilda na kaka yake Thadei waliazima simu ya mama na kufungua mchezo wa kuongoza timu za mpira mtandaoni. Timu yao waliiita Viboko. Wenzao wa mtaa wa Majengo, mjini Mpanda, nao walikuwa na timu zao, na wote walikubaliana kwamba bingwa ndiye atakayekuwa kocha wa timu ya mtaa wakati wa likizo.

Jumamosi Kasilda alikwenda Kabungu kumsaidia bibi kuvuna mahindi. Alimwachia Thadei kupanga kikosi cha mechi ya mwisho dhidi ya timu ya mwenzao Isidori. Viboko hawakuwa na nafasi ya ubingwa. Aliyeongoza ligi alikuwa Aneth, rafiki yao aliyevunjika mguu na kukaa nje ya uwanja tangu Pasaka. Ili kumpita, Isidori alihitaji ushindi wa mabao mengi sana.

Kasilda aliporudi Jumapili, alikuta Viboko wamefungwa tisa bila. Alifungua kikosi, akashika mdomo. Lyamba, kipa wao hodari, alikuwa amepangwa mshambuliaji wa kati. Golini alisimama winga. Mabeki walikuwa benchi.

"Kaka Thadei! Hiki ni kikosi gani?"

"Nilikosea. Mtandao ulikuwa unasumbua," Thadei alijibu bila kumtazama.

Ndipo Kasilda alipoona njumu nyekundu miguuni pake. Mtaa mzima ulizijua. Zilikuwa za Isidori. Damu ikamchemka.

"Amekuhonga! Umemuuza Aneth kwa njumu!"

"Ni mchezo wa simu tu. Sisi tumepoteza nini?"

"Sisi? Aneth je? Msimu mzima anacheza bila hila, halafu nyie wawili mnakaa mnamnyang'anya! Kila siku unalalamika kwamba waamuzi wanapendelea. Wewe una tofauti gani nao?" Alipiga meza, vikombe vikagongana.

Mama yao, Scolastica, alitoka jikoni akiwa tayari kumkemea Kasilda kwa makelele yake. Aliposikia habari yote, alimgeukia Thadei.

"Ni kweli?"

Thadei aliinama. "Ndiyo, mama. Isidori alisema nikipanga vibaya atanipa hizi."

"Zivue. Mrudishie sasa hivi, kisha nenda kwa Aneth ukamweleze kwa mdomo wako. Kasilda, mfuate."

Aneth alikuwa ameketi barazani kwao, magongo yake pembeni. Alimsikiliza Thadei mpaka mwisho. Machozi yalimlenga.

"Kama ulitaka njumu, si ungeniomba mimi?" alisema. "Zangu zimekaa tu ndani."

Kesho yake, baada ya masomo, Thadei alisimama mbele ya wenzake wote akasema alichofanya. Isidori alibisha, akasema simu imeshamtangaza yeye bingwa. Wenzake hawakumsikiliza. Waliifuta mechi ile kwa kauli moja na kumpa Aneth ukocha.

Jioni hiyo Kasilda alikuwa bado amenuna. Mama aliwaita wote wawili.

"Kasilda, hasira yako ilikuwa ya haki. Na wewe Thadei, nisikilize vizuri. Lyamba wa kwenye simu haumii ukimpanga mbele. Aneth anaumia. Mchezo unaweza kuwa wa kubuni, lakini mtu unayemdanganya ni mtu kweli."