Usiijaribu kwa Mdomo

Shule niliiacha mapema, kabla haijapata nafasi ya kunifukuza, na sijawahi kuikumbuka. Enjini haiulizi cheti. Lete dizeli yoyote iliyokufa, niwekee hapa, nenda kaoge. Ukirudi utaikuta inanguruma. Wenzangu gereji wananiita Mdomo. Wanadhani wananitukana. Jina hilo nilipewa kwa mambo mawili: maneno yangu, na namna ninavyopima valvu. Hilo la pili ndilo lililoniponza. Kama unasoma huku unakula, weka sahani pembeni.

Jioni moja nilitoka dukani kununua mafuta ya taa. Jua lilikuwa linamalizikia. Nikamkuta mtu amesimama mlangoni kwetu, amekumbatia kitu kilichoviringishwa shuka. Alikibeba kama unavyombeba mgonjwa, mkono mmoja chini, mmoja mgongoni.

Alikuwa Mwenye Mashine, kijana anayesaga unga mtaa wa chini. Zamani mashine ilikuwa ya baba yake, mzee mwenye kikohozi ambacho mtaa mzima ulikijua kuliko jina lake. Mzee aliugua, akaacha kuonekana. Msiba hatukuusikia. Kuzika hatukuitwa. Mashine ikaendelea kusaga.

"Silinda hedi," alinong'ona, akinisogezea kile kichwa cha enjini. "Inavuja pumzi. Enjini haina nguvu kabisa."

"Umefika kwa mwenyewe. Kesho jioni njoo uichukue, na usisahau kuja na sifa zangu."

Hakucheka. Alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi na kinateleza.

"Ukishasaga valvu… pima kwa mafuta ya taa. Mdomo usiweke."

"Nani kakwambia naweka mdomo?"

"Kila mtu anajua."

Ni kweli. Mafundi wengine wakishasaga valvu ili ikae sawa kwenye kiti chake, humimina mafuta ya taa kwenye tundu la hewa, wakakaa kusubiri kama yatavuja. Mimi siwezi kukaa nimetulia kama mkwe ugenini. Naweka midomo kwenye tundu, nanyonya. Ulimi ukinasa, valvu imeziba. Hewa ikipita, unarudia kusaga. Gereji nzima hakuna anayethubutu, wanaona kinyaa. Ndipo ninapojidai.

Nikaiweka mezani jikoni, maana ndiko kwenye taa kali.

"Hiyo meza tunakatia mboga!" dada yangu alifoka, mtoto wake mchanga amemlaza begani.

"Leo inakatiwa chuma."

"Na uvundo huo je?"

"Ni harufu ya kazi. Wewe utaijulia wapi?"

Bibi yetu, aliyekaa kizingitini akichambua nafaka, akaguna. "Mjukuu wangu, ungekuwa na akili nusu ya maneno yako, ningekufa kwa amani."

Lakini uvundo ulikuwepo. Nilipofunua shuka ulinipiga usoni. Haukuwa wa dizeli. Ulikuwa wa chumba alicholala mtu mgonjwa muda mrefu, madirisha yamefungwa.

Nikabana springi, nikachomoa valvu. Sasa nisikilize, nimefungua hedi nyingi. Masizi yaliyoganda huwa makavu, unayakwangua yanadondoka kama vipande vya mkaa. Haya yalikuwa mabichi. Yalibanduka kama gaga la kidonda, na chini yake palikuwa pekundu.

Kutu, nikajiambia.

Kutu haitoi majimaji.

Nikapitisha waya kwenye njia za maji. Ukarudi na mafuta meupe, mazito, kama yale yanayoganda juu ya supu iliyolala. Ndani yake mlikuwa na nywele. Nikavuta. Zikaja ndefu, laini, zimelowa… mvi tupu. Zilinizunguka vidoleni zikanata. Nilijifuta kwenye suruali, zikanata kwenye suruali. Uchafu uliniingia chini ya kucha, na ulikuwa na joto.

Nilitapika. Kidogo tu, msianze.

Mwingine angeirudisha. Mimi nilipaka dawa ya kusagia, nikashika kijiti chenye kikombe cha mpira, nikaanza kuizungusha valvu kwenye kiti chake. Sshh… sshh… sshh… Chuma kikisagana na chuma kina mlio wake, naujua. Huu ulikuwa wa mtu anayesaga meno usingizini. Nikigusa kiti cha valvu kwa kidole, kinabonyea. Laini, vuguvugu, kama ufizi.

Nikamaliza. Nikarudisha springi. Chupa ya mafuta ya taa ilikuwa karibu na kiwiko changu, na nilikuwa nimeshaishika. Naapa nilikuwa nimeshaishika.

"Eh, leo hunyonyi?" Dada alikuwa ameegemea mlango. "Nilimsikia akikukataza. Leo Mdomo kapata wa kumfunga mdomo."

Basi. Mtu kama mimi unamwambia hivyo mbele ya bibi yake?

Nikaifuta midomo kwa mgongo wa mkono. Nikainama. Nikafunika tundu la hewa. Nikanyonya.

Ulimi ukanasa. Safi. Nikataka kucheka.

Halafu kitu kikanyonya kutoka upande wa pili.

Nilijivuta, sikutoka. Pumzi ikaingia. Ya moto, yenye tumbaku ya zamani, yenye makohozi, yenye dawa na meno mabovu. Ikanijaa mashavu, ikashuka koo kama ute wa yai viza. Na ndani ya lile tundu, gizani…

Ulimi ukagusa ulimi wangu.

Ulikuwa mkavu. Ulijisogeza polepole, kama unaonja.

Nilianguka chini nikiwa nakohoa. Hicho kikohozi hakikuwa changu. Kilitoka mbali, kirefu, chenye mikwaruzo, kinaishia kwenye mluzi mwembamba. Bibi aliacha kuchambua. Ungo ukamdondoka.

"Hicho kikohozi nakijua," alisema taratibu.

Nilitaka kumwambia niletee maji. Mdomo wangu ukasema neno lingine, kwa sauti ya kukwaruza.

"Nipe mtoto."

Dada alirudi nyuma hatua. "Acha utani wako wa kijinga."

"Nipe… nimnuse tu. Ana pumzi mpya."

Mikono yangu ikanyooka. Sikuinyoosha mimi. Nilikuwa humo ndani napiga kelele, na hakuna aliyesikia. Mate yalinijaa mdomoni, yakanitiririka kidevuni, na kila nilivyomwangalia yule mtoto ndivyo yalivyozidi. Hilo ndilo linalonichefua hadi leo kuliko zile nywele. Mate yalikuwa yangu.

Bibi alinizaba kofi ambalo sikujua kama bado analo. Akanikamata kisogo, akanisukumia uso kwenye chuma.

"Ulikokinyonya ndiko ukakiteme! Puliza!"

"Bibi…"

"Puliza, mwanangu! Wewe," akamgeukia dada, "toka na mtoto, funga mlango!"

Nikapuliza. Springi ya valvu huwezi kuibonyeza kwa vidole viwili. Kwa pumzi yangu valvu ikafunguka yenyewe, taratibu, kama kope. Nikausikia ule uozo ukinipanda kutoka tumboni, ukinipita kooni, ukiingia kwenye chuma. Puu… puuu… Kikohozi kikahamia ndani ya hedi. Kikalia humo, kidogo, kama cha mtu aliye kisimani.

"Basi!" Bibi alisema. "Basi, kimetoka. Acha!"

Lakini mimi sifanyi kazi nusu nusu. Nikaongeza. Nilitaka isibaki hata chembe ya ule uchafu. Nikapuliza hadi kifua kikagusana na mgongo, hadi macho yakaona nyota, nikapuliza hadi pumzi ya mwisho kabisa, ile ambayo nadhani huwa hatuitumii.

Tak!

Valvu ikajifunga. Nilipovuta pumzi tena, ilikuja na ule mluzi mwembamba.

Nikakaa sakafuni. Nilijisikia mwepesi. Mwepesi mno, kama gunia lililokung'utwa. Bibi alinitazama machoni muda mrefu, akitafuta kitu.

"Wako watu," alinong'ona, "hawamwachii mzazi pumzi yake iende. Huifungia kwenye kitu cha kazi, ili kazi isichoke. Lakini pumzi ya kizee huisha. Lazima iongezwe changa."

"Si nimeirudisha?"

Aliinama, akaanza kuokota nafaka zilizomwagika.

Mwenye Mashine alikuja kesho yake jioni. Akaibeba, akashtuka, akaipima tena mikononi. Akaitegea sikio. Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Imekuwa nzito. Umeongeza nini?"

"Nimesaga valvu tu."

"Aha," alisema, na akaenda zake haraka.

Tangu hapo ile mashine inasaga kama kichaa. Ukiwa mtaa wa juu unaisikia. Watu wanasema siku hizi mlio wake una majigambo, na wanacheka. Mimi sicheki. Chakula chote kina ladha ya ule ulimi. Nasukutua kwa chumvi, kwa sabuni, siku moja hata kwa dizeli. Dada siku hizi analala mlango umefungwa kwa komeo, na mtoto amemgeuzia ukutani.

Bibi naye kila siku anapeleka nafaka kusagisha. Unga umejaa nyumbani hadi unaingia wadudu, bado anapeleka. Dada alimfuata. Akamkuta amekaa kwenye kigoda kando ya enjini, ameiwekea kiganja bila kujali moto wake, anaisimulia habari za nyumbani. Anaitania. Anaiita mjukuu wangu.

Nikasema bibi amezeeka, akili imechoka. Mimi niko hapa. Mikono ni hii hii, uso ni huu huu, njoo unitazame.

Leo asubuhi nilimkuta uani. Mimi ndiye mdogo, mimi ndiye wa kumwamkia. Nikafungua kinywa, nikabanwa kwanza na kile kikohozi kirefu cha mluzi. Bibi akapiga goti, macho chini, akaniwahi yeye.

"Shikamoo, mzee."

Nilitaka kumwinua. Nilitaka kumwambia, bibi, ni mimi.

"Marahaba," nikaitikia.